Kishikio Kisichoshikika

Shaaa. Kimya. Shaaa. Yeyote aliyewahi kupita nyuma ya karakana ile anaikumbuka sauti hiyo: msasa laini ukipita juu ya mbao, ukisita, ukirudi tena, kama mama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala. Misumeno ilikuwa na makelele yake na randa zilikuwa na miluzi yake, lakini sauti ya msasa ule ilikuwa ya mtu mmoja tu. Aliitwa Dhahabu.

Hakuwa na dhahabu hata ya pete. Jina alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya viganja vyake. Katika kila mkunjo wa kiganja, na katika mikunjo ya vidole pia, palikuwa na mstari wa njano iliyokolea, inayoelekea rangi ya chungwa, kana kwamba mtu ameshika kalamu akaifuata mikunjo yote bila kuuruka hata mmoja. Maelezo yake yalikuwa mepesi: vanishi. Mtu amepiga vanishi tangu hajaota ndevu, sasa ndevu zina mvi. Ingekuwa ajabu kama isingemwingia.

Jioni, kabla ya kufunga kazi, mafundi wote walichuchumaa kuzunguka beseni moja. Walimimina thina kidogo, wakachota vumbi la mbao, wakasugua mikono huku wakitaniana. Mikono ya wengine ilitoka safi. Ya Dhahabu ilitoka safi pia, isipokuwa ile mistari.

"Vanishi imekuoa wewe," alikuwa akisema Msumari, seremala ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko nyundo yake. "Na talaka haitoi."

"Afadhali yangu imenioa. Wewe hata gundi imekukataa."

Akija kijana kuomba kazi ya kupaka vanishi, Msumari aliuinua mkono wa Dhahabu kama anayeonyesha cheti. "Umeona? Ukipata kama hivi, rudi." Na Dhahabu, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa majivuno, aliuacha mkono wake hewani kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Nje ya karakana, mambo yalikuwa tofauti. Mbele ya watu wa mezani, yaani benki, shuleni kwa watoto, hospitali, aliikunja mikono na kuibana katikati ya magoti. Alifundishwa hivyo na fundi wake wa kwanza: mkono wenye rangi hauonyeshwi kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe. Yeye aliona ni adabu tu.

Mwaka ule mguu wake wa kulia ulianza ukorofi. Akiwa amesimama, mzima. Akiwa amekaa, mzima. Lakini akitembea kutoka nyumbani kwenda kazini, njiani shavu la mguu lilianza kukaza, likakaza, kama skrubu inayozidishwa mzunguko, mpaka alazimike kusimama. Akisimama kidogo, maumivu yalikwisha. Akianza tena, nayo yalianza. Kwa kuwa aliona haya kusimama barabarani kama nguzo, alijifanya anakagua milango ya watu: anaitazama bawaba, anatikisa kichwa, anapima rangi kwa macho. Mama mmoja akatoka ndani na dirisha lililovunjika, akamkabidhi. "Nimekuona kila siku unaitazama nyumba yangu, fundi. Haya, kazi hii hapa."

Aliichukua. Angesema nini?

Mke wake ndiye aliyeugundua mguu wenyewe. Walikuwa wamelala, akagusa unyayo wake kwa bahati, akashtuka. "Baba watoto, mguu wako mmoja umelala nje?"

"Yote miwili uko nayo kitandani."

"Huu ni wa baridi. Huu ni wa maiti." Kisha akasema bila utani, "Kesho hospitali."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na sauti ya haraka. Aliubonyeza unyayo akitafuta mpigo wa damu, akatafuta sana, akaupata mdogo mno. Alimchukua damu. Majibu yaliporudi aliyatazama, akayageuza, akayatazama tena. Kolesteroli ilikuwa juu. Mafuta mengine ya damu nayo yalikuwa juu, karibu sawasawa na kolesteroli, kama pacha.

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi, Daktari."

"Hata kidogo?"

"Ninachonusa ni vanishi tu."

Daktari hakucheka. "Sikukuu je? Harusini?"

Dhahabu alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, akazidi kuibana. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa damu wa mguuni unazibika taratibu kwa ndani. Akamwambia damu ikizidi kukosa njia, vidole vitaanza kufa, na hapo watalazimika kuzungumza habari ya kukata. Alisema pia kwamba mafuta yale yamemshangaza, kwamba arudi wapime tena na watafute sababu. Lakini katika maneno yote yale Dhahabu alirudi nyumbani na mawili tu: pombe, na kukata.

Hakurudi tena hospitali. Mpiga vanishi akiwa na mguu mmoja atalizungukaje kabati? Swali hilo hakumwambia mtu. Alifika kazini mapema zaidi, akitembea vipande vipande, akapiga msasa kama mtu anayekimbizwa.

Mke wake aliona kubembeleza hakufai, akampigia simu wifi yake.

Dada yake Dhahabu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo kwake kwa kuzaliwa lakini si kwa maneno. Alitoka darasani moja kwa moja, chaki bado mikononi, akaingia karakana akipita juu ya maranda na viatu vyake vya shule. Mafundi wakamwamkia kwa pamoja kama wanafunzi. Hakuwa na nafasi ya kuitikia.

"Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nani kaficha? Nimewapa damu yangu wenyewe. Wameona pombe."

"Umeambiwa urudi."

"Nikarudie matusi?"

"Mtu akikuuliza swali si kukutukana!"

"Mwalimu, hapa kuna watu wanafanya kazi, na wewe unapiga kelele kama..."

Dada yake akauinua mkono, kiganja mbele, vidole vimenyooka, kama alivyozoea kulinyamazisha darasa zima. Na kweli Dhahabu akanyamaza, ingawa si kwa kutii. Msasa ulimponyoka ukaanguka sakafuni.

Kiganja cha dada yake kilikuwa cheupe kwa vumbi la chaki. Na katika weupe ule, mkunjo kwa mkunjo, ilipita mistari ya njano.

"Umeshika vanishi yangu?" aliuliza.

"Mimi? Nishike vanishi kwa kazi gani?"

"Hiyo je?"

Alikitazama kiganja chake mwenyewe kana kwamba amekabidhiwa cha mtu mwingine. "Hii? Hii ni chaki ya njano. Imeanza mwaka huu. Nanawa, haitoki, nikasema basi, chaki za siku hizi zina rangi kali."

Msumari aliacha randa. Akaja, akaushika mkono wa Mwalimu bila kuomba ruhusa, akauweka karibu na wa Dhahabu. Hakusema neno, jambo ambalo mafundi waliokuwapo walilisimulia baadaye kuliko mambo mengine yote ya siku ile. Alikwenda kulileta beseni. Akamimina thina, akachota vumbi la mbao, na ndugu wawili wakachuchumaa, fundi na mwalimu, wakasugua viganja mpaka ngozi ikawaka. Chaki ilitoka. Vumbi lilitoka. Njano ilibaki kwa wote wawili.

"Si vanishi," alisema Dhahabu.

"Wala si chaki," alisema dada yake.

"Mwalimu, mimi nimebeba kitu hiki tangu kabla mwanangu wa kwanza hajazaliwa nikisema ni kazi! Si kazi! Ni sisi! Kiko ndani yetu!" Alikuwa ameinuka, na macho yake yaling'aa kama mbao iliyopata mkono wa mwisho. Hofu ilikuwapo, lakini ilisukumwa pembeni na kitu chenye nguvu zaidi, ile furaha ya fundi aliyehangaika na droo inayokwama na ghafla ameona inakwama wapi. "Yule daktari hajaiona mikono yangu. Niliificha! Twende. Twende sasa hivi."

Alitoka mbio, akasahau mguu. Mguu haukumsahau. Kabla hajaifikia kona alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba ya watu, anakunja uso. Hapo Msumari, mdomo ukiwa umemrudia, akatokea na mkokoteni wa kusambazia makabati.

"Panda, bwana harusi!"

Akapanda. Dada yake akakimbia kando yake, mkoba ukimpiga ubavuni, akipiga kelele "Pisha! Pisha!" kwa sauti iliyolea vizazi vya watoto, na watu wakapisha. Mtaa mzima uliona kabati la siku ile lina ndevu na linacheka.

Daktari alikuwa ameshavua koti, anafunga mlango wa chumba chake.

"Daktari, samahani," alisema Dhahabu akihema kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisukuma. "Mara ile nilikuletea damu peke yake. Leo nimekuletea mikono."

Akaifungua.

Daktari alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Akamvuta Dhahabu mpaka dirishani penye mwanga, akakikandamiza kiganja kwa kidole gumba, akakinyoosha, akafuata mstari mmoja mpaka mwisho wake. Kisha Mwalimu naye akafungua mkono wake, na daktari akapiga ukelele mdogo, akajiziba mdomo.

"Samahani. Samahanini sana, si jambo la kuchekea. Ni kwamba ugonjwa huu nimeuona vitabuni tu, sikutarajia kuuona kwa macho, na leo nimeletewa mara mbili! Kwa nini hukunionyesha siku ile?"

"Michafu, Daktari. Nilidhani ni michafu."

"Nami nilikung'ang'ania na pombe." Akakaa kitini taratibu. "Basi sote wawili tulikuwa na adabu zetu na makosa yetu. Kaeni. Nawe wa mlangoni, ingia au toka, unazuia upepo."

Msumari akaingia.

Daktari akaanza kueleza, na mikono yake ilicheza hewani. Mafuta hayayeyuki kwenye damu, kama mafuta ya taa yasivyochanganyika na maji. Kwa hiyo mwili unayafunga katika vifurushi vidogo sana, kolesteroli ikiwa humo humo. Vifurushi vinasafiri, vinashusha mafuta kwenye misuli, na mwishoni yanabaki masalia, vifurushi vilivyonyong'onyea lakini vyenye kolesteroli tele. Masalia hayo yanatakiwa kuingia kwenye ini. Juu ya seli za ini kuna vipokezi, na kipokezi ni kama mkono uliotolewa nje ya mlango, unasubiri kushika.

"Kinashika nini?" Dhahabu aliuliza. "Kifurushi ni cha duara, umesema. Cha duara kinateleza."

"Ndiyo maana kila kifurushi kina protini iliyobandikwa juu yake. Ya masalia haya inaitwa apo-E. Kipokezi kinaitambua, kinaishika, kinavuta kifurushi ndani."

"Kishikio," alisema Dhahabu.

"Nini?"

"Kama cha droo. Droo haivutwi yenyewe, inavutwa kishikio."

Daktari alimtazama kwa furaha. "Haswa. Na kishikio chenu ninyi wawili, nikikisia sawa, kimepinda. Ni mnyororo wa punje karibu mia tatu, na punje moja tu si yenyewe. Mkono wa ini unakigusa, unateleza. Kifurushi kinapita. Kinarudi, kinateleza tena. Masalia yanajaa kwenye damu, na mahali pa kwenda hayana, yanaanza kujikalia popote: kwenye mikunjo ya viganja, ndiyo njano hii." Sauti yake ikashuka. "Na kwenye kuta za mishipa ya mguu."

Msumari akauliza kutoka nyuma yao. "Kwa hiyo mlango wake ni mzima?"

"Mzima kabisa. Kuna vifurushi vingine vyenye kishikio cha aina nyingine, apo-B, ini lake linavishika bila taabu. Wapo watu ambao mkono wa mlangoni wenyewe ndio mbovu, au haupo. Hao kolesteroli yao hupanda hasa, na kuwatibu ni kazi nzito. Huyu mlango anao. Hana kishikio kizuri."

"Lakini mimi ni wa chini yake," alisema Mwalimu, "na yangu imeanza juzi. Kishikio si tumezaliwa nacho?"

"Mmezaliwa nacho. Kimoja kwa baba, kimoja kwa mama, na ninyi mmeokota vilivyopinda pande zote mbili. Lakini wengi wanazaliwa hivyo na hawaugui maisha yao yote, mpaka kitu kingine kiongezeke. Wewe, nikuulize kwa heshima, hedhi imekoma?"

"Mwaka juzi."

"Homoni zile ndizo zilizokuwa zikilisaidia ini kutoa mikono mingi. Zimepungua, mikono imepungua." Akamgeukia Dhahabu. "Na wewe, karakana mnakula nini?"

Msumari alitazama dari. Dhahabu akajibu kwa unyonge kwamba walikuwa wanakula vitu vya kukaanga, asubuhi na saa kumi, na chai ya sukari ya kutosha.

"Kutosha nani?" aliuliza Mwalimu.

Dhahabu alikuwa ameegemea mbele, viganja vimefunguka juu ya magoti. Swali alilokuwa amelikimbia lilimjia tena, safari hii akaliacha lije. "Daktari, hiki kishikio kinabadilishwa?"

"Hakibadilishwi."

"Basi mguu..."

"Ngoja nimalize. Kinateleza, lakini hakikatai kabisa. Dawa moja itapunguza vifurushi. Nyingine italifanya ini litoe mikono zaidi, na mikono ikiwa mingi, miwili mitatu itakosa, wa nne utashika. Ukiacha vile vya kukaanga na sukari, vifurushi vinapungua tena. Ugonjwa huu, tofauti na mengine ya ukoo wake, unasikia dawa! Ndiyo maana nilipiga ukelele. Siku ile nilikuwa na mgonjwa anayepoteza mguu na sijui kwa nini. Leo najua kwa nini."

"Na mguu utapona?"

"Siwezi kukuahidi. Tutaupigania. Na wewe utatembea, kila siku, mpaka mguu uanze kuuma, upumzike, utembee tena. Usisimame kwa kuogopa maumivu, simama yakishafika."

Damu zao zilipelekwa kwenye maabara kubwa ya mbali, na majibu yalipokuja yalisema kama daktari alivyokisia. Lakini Dhahabu hakuyasubiri. Kesho yake tu alikuwa amewakusanya mafundi, ametoa droo mbili: moja yenye kishikio cha kawaida, nyingine amekigandisha kishikio chake bapa kwenye ubao, kidole hakipati pa kuingia.

"Vuta hii." Wakavuta. "Vuta hii." Vidole vikateleza. "Hilo ndilo ini langu!"

"Ini lako ni droo?"

"Ini ni mkono wako wewe, Msumari, sikiliza! Droo ni mafuta. Haya, sasa njooni wanne kwa pamoja."

Wakaja wanne, wakang'ang'ania kwa kucha, na droo ikatoka kwa kishindo, misumari ikamwagika sakafuni, na Dhahabu akapiga makofi kama mtoto. Tangu siku hiyo mafundi walikoma kuleta vya kukaanga mbele yake. Msumari alikula vyake nyuma ya rundo la mbao, na alipobambwa alidai anapima unyevu.

Mistari ilififia polepole. Kwanza ile ya vidoleni, kisha ile mikubwa ya kiganjani, kama madoa ya chai yanayofuliwa kila wiki. Mwalimu alikuwa akimpigia simu kushindana: wa kwangu wa katikati umekwisha, wako je? Mafundi waliendelea kumwita Dhahabu, kwani jina halifuliwi. Na kila asubuhi alitembea. Shavu la mguu lilikaza, akasimama, akasubiri, akaenda. Yule mama mwenye dirisha alidhani fundi amemkasirikia, maana siku hizi anapita bila kuitazama nyumba.

Walipokwenda kupimwa tena, mke wake alikuwa naye. Daktari alisoma majibu kwanza peke yake, kimya, kisha kwa sauti: kolesteroli imeshuka chini ya nusu ya ilivyokuwa, na pacha wake naye ameshuka. Akapiga magoti, akaukamata unyayo wa kulia, akatafuta mpigo. Mke wake alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Daktari alifunga macho, kidole chake kimetulia pale pale, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo.

"Bado mwembamba," alisema. "Lakini sihitaji kuutafuta. Na unyayo una joto. Ile habari ya kukata tumeifunga. Dawa huachi, na chakula hurudii. Umenielewa?"

Alielewa. Mke wake alielewa zaidi, akalia pale pale, akicheka, akimpiga mumewe begani kwa mkoba na kumwambia kwamba mtu mzima huficha vitu vya maana, si viganja.

Nje ya geti la hospitali pikipiki za abiria zilikuwa zimejipanga. Mmoja wa madereva aliwasha injini, na mke wake akainua mkono kumwita, kama walivyozoea.

Dhahabu aliushika mkono ule, akaushusha taratibu, na hakuuachia.

"Acha," alisema, kwa sauti ambayo mke wake peke yake ndiye aliyeisikia. "Twende kwa miguu."